Vidole vya Bibi Havisomeki

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nikianza na habari za nyumbani nitaishia hapo hapo kama kawaida yangu, kwa hiyo acha nilitangulize. Wiki mbili zilizopita, ndani ya benki, nilimkimbia Bibi. Sikutoka nje. Nilisogea hatua sita tu, nikaelekea ukutani nikajifanya nasoma matangazo, kama mtu ambaye hakuja na yule bibi kizee aliyekuwa akifokewa dirishani.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na anakusalimu sana. Mdogo wangu amepoteza meno mawili ya mbele, sasa kila akisema neno lenye "s" anapiga mluzi. Mimi bado nakaa dawati la mwisho na mwalimu wa historia bado ananiita "wewe binti". Vitabu ulivyotuma Desemba nimevimaliza, kimoja mara mbili.

Bibi ndiye habari kubwa. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia limekuwa jeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Daktari wa macho huja hospitali ya hapa mara chache tu kwa mwaka, na Bibi ameandikiwa tarehe 16 Aprili. Malipo yanatakiwa wiki moja kabla. Pesa anazo, za kwake, za pensheni ya miaka thelathini na moja ya kufua mashuka ya hospitali hiyo hiyo. Ziko benki, benki yako. Ndiyo maana tulikwenda.

Unakumbuka alivyokuwa akijiandaa siku ya benki? Bado anafanya vile vile. Alipasha pasi, akavaa khanga iliyonyooka kama karatasi, akakifungia kitabu chake cha benki ndani ya leso. Njiani akanisimulia tena jinsi alivyokuwa akizipiga pasi noti zilizokunjamana kabla ya kukuletea dirisha la tatu, enzi zile ukiwa keshia, na wewe ukisimama kumpokea mbele ya watu wote, hata meneja akiwepo. "Benki ile ina adabu," akaniambia. "Mzee haulizwi shida yake akiwa amesimama."

Mjomba, siku ile alisimama kwa saa mbili na nusu. Mabenchi hayapo tena. Madirisha matano yamebaki moja. Mengine yamebandikwa picha za watu wanaocheka na simu. Mzee mmoja mbele yetu, fundi viatu mwenye mguu mmoja mfupi, alikuwa akiegemea ukuta, na mlinzi akawa anamwondoa kila mara asichafue rangi.

Tulipofika dirishani keshia hakuinua uso. Akasukuma kimashine, akasema weka kidole. Bibi akaweka. Kimashine kikalia kukataa. Kidole kingine, kikalia. Akaweka vyote kumi, kimoja kimoja, na keshia akasema, "Mfumo haukutambui." Bibi akamuuliza kwa heshima kabisa huyo Mfumo anakaa ofisi gani, ili aende kumsalimia wajuane. Watu wakacheka. Bibi naye akacheka kidogo, alidhani wanacheka pamoja naye. Ndipo keshia akapandisha sauti:

"Mama, kasafishe vidole vyako ndiyo urudi. Unachafua mashine."

Mtu aliyefua mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na moja, Mjomba. Mimi nikasogea zile hatua sita.

Nimejaribu kukupigia kwa simu ya mama mara nne. Inapokelewa na kijana mwenye sauti ya asali anayesema uko kikaoni. Ni afadhali, maana simu huniziba koo. Nikiandika ndipo napata ulimi. Tafadhali, wewe ndiye mkubwa wa huduma kwa wateja wa benki nzima. Sema nao.

Mpwa wako,
Karani


15 Februari

Karani wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako ilinikuta nikitoka safari ya kikazi. Nimefurahi kuona mwandiko wako umetulia. Ulikuwa na miaka saba ulipoanza kumwandikia Bibi orodha ya nguo za watu, "shuka mbili, suruali moja ya yule mnene," na tangu hapo nikajua ukoo wetu umepata karani. Shangazi yako anawasalimu. Watoto wako shule, wanakua kama magugu. Mwambie mdogo wako ajifunze wimbo kabla meno hayajarudi, bahati hiyo haiji mara mbili.

Kuhusu Bibi, pole sana, na usijilaumu kwa hizo hatua sita. Wewe ni mtoto. Mambo ya wakubwa yaachie wakubwa.

Ni kweli benki yetu inapita katika kipindi cha mpito. Mabadiliko yoyote huanza kwa maumivu kidogo. Lengo ni kumhudumia mteja kwa haraka zaidi na kulinda akiba yake dhidi ya matapeli, na wazee ndio wanaotapeliwa zaidi, kwa hiyo vidole ni kwa faida yake. Yule keshia alikosea kauli, nitalifikisha kwa wahusika. Lakini la vidole lina ukweli ndani yake. Mwongozo wetu unasema vidole vikiwa na vumbi au mafuta mashine hushindwa. Bibi aoshe mikono kwa maji ya moto na sabuni, asugue vizuri ncha za vidole, akaushe, kisha aende asubuhi mapema kabla ya msongamano. Mtaona itakubali.

Msalimie mama yako. Mwambie Bibi nampenda na nitapanga kuja.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nyumbani wazima, isipokuwa Bibi, ambaye nitamfikia. Mama amepunguziwa siku za kazi, tanuri moja limeharibika. Mdogo wangu amejifunza wimbo kama ulivyosema na sasa tunakulaani sote.

Nilimsomea Bibi barua yako. Alifurahi kupita kiasi. Alisema, "Umeona? Mwanangu amejibu. Kumbe kosa lilikuwa langu." Na kwa kuwa ni mwanawe aliyesema asugue, alisugua. Unamjua Bibi na doa. Siku tisa mfululizo, asubuhi na jioni, maji ya moto, sabuni ya kipande, halafu lile jiwe la kusugulia miguu, halafu dawa ya madoa aliyobakiza tangu hospitali. Nilimwambia inatosha. Akanijibu kwamba kazi nusu ni aibu ya dobi.

Siku ya kumi tulikwenda. Kwa vidole vyote kumi kimashine kikalia tena. Cha gumba kikaacha damu kwenye kioo cha mashine, na keshia akatoa karatasi akafuta mashine. Kidole hakukitazama. Akasema, "Bado mfumo haukutambui, mama. Mpishe mwenzio."

Nilimpeleka Bibi zahanati. Muuguzi alishika mikono yake akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza kazi yake. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Alisema soda ya kufulia na dawa za madoa zilishakula alama za vidole miaka mingi iliyopita, na zile chache zilizobaki amezimaliza mwenyewe kwa kusugua. Akasema apake mafuta na aache kusugua. Yaani kila tulichoambiwa tukifanye kilikuwa kinyume chake.

Njiani kurudi Bibi alinitania, "Basi vidole vyangu vimetangulia kufa. Mtanizika kwa awamu." Alicheka peke yake. Tangu siku hiyo hatoki nje. Anakaa chumbani ameficha mikono ndani ya khanga kana kwamba ameiba kitu.

Mama alisema nisikusumbue, eti wewe ndiye nguzo ya ukoo na una mengi. Kwa hiyo sikukusumbua. Nilipiga ile namba ya bure ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma ya kitabu cha Bibi. Nilikaa nje, chini ya kamba ya nguo, nikajiandikia kwenye karatasi maneno ya kusema ili koo lisizibe. Hakuna mtu aliyepokea. Muziki ulipiga, kisha sauti ikasema, "Simu yako ni muhimu sana kwetu, tafadhali endelea kusubiri." Halafu muziki. Halafu sauti tena.

Ni sauti yako, Mjomba. Ulisema mara kumi na moja kwamba simu yangu ni muhimu kwenu. Mara ya kumi na mbili betri ikaisha. Ile namba kumbe inakata pesa, mama alikuta simu yake tupu.

Leo ni tarehe tisa Machi. Malipo ya hospitali ni tarehe tisa Aprili. Sitaki pole. Nataka kujua jambo moja tu: mtu ambaye hana alama za vidole anatakiwa afanye nini? Haiwezekani hamkulifikiria. Benki nzima, na wasomi wote hao, mkakaa mkapanga, na hakuna hata mmoja wenu mwenye mama mfua nguo?

Mpwa wako,
Karani


2 Mei

Karani,

Marahaba. Nisamehe kimya changu. Aprili yote ilikuwa ya ukaguzi, tumelala ofisini. Nimeona barua yako nyingine ya tarehe 3 Aprili na ile fupi ya tarehe 10. Shangazi yako alikuwa na homa lakini sasa ameshapona. Mvua huku imekuwa ya fujo.

Nimesikitika sana kwamba tarehe ya daktari imepita. Mama yako amenieleza kwamba daktari atarudi tarehe 14 Juni na kwamba jicho la kulia huenda likawa limechelewa. Tumuombe Mungu.

Jambo hili lisitugombanishe. Nimemtumia mama yako pesa ya upasuaji wote, na ya usafiri, na ziada kidogo ya vitabu vyako. Bibi atibiwe kwanza. Ya benki yataangaliwa baadaye kwa utaratibu wake. Pengine itabidi Bibi asubiri awamu ya pili ya uhakiki.

Jitahidi na masomo. Kichwa kama chako kisipotee kwenye ugomvi wa foleni.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Wote wazima. Nimeshakusalimu, basi.

Pesa zako zimerudi ulikozitoa, angalia simu yako. Mama alilia, alitaka kuzipokea, na nusu saa nzima walikuwa wakivutana yeye na Bibi jikoni. Bibi hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu akinipa zawadi nitapokea kwa mikono miwili. Hii siyo zawadi. Hii ni ya kuninyamazisha ili nisidai changu." Akaongeza kwamba hawezi kutibiwa kwa sadaka wakati pesa zake mwenyewe zimewekwa ndani kama mahabusu. Halafu akaomba mafuta apake vidole.

Jicho la kulia daktari wa zamu hospitalini amesema limekwenda, presha ya ndani imeliua. Tarehe 14 Juni ni kwa ajili ya la kushoto. Nimeiandika sentensi hii kwa utulivu, lakini kalamu ilitoboa karatasi mara mbili, utaona.

Sasa nitakuambia kitu cha pili ambacho sijamwambia mtu. Nilidhani utakisema mwenyewe. Nilikupa nafasi barua ya kwanza, nikakupa ya pili, nikakupa na zile mbili fupi za Aprili. Nilisema moyoni, Mjomba ndiye aliyenifundisha kusoma, atasema.

Siku ile niliposogea hatua sita nikajifanya nasoma matangazo, nilisoma kweli. Mimi nikiona maandishi siwezi kujizuia. Tangazo lilikuwa mbele ya pua yangu, kwenye fremu ya kioo: "Ili kuharakisha huduma, mabenchi yameondolewa katika matawi yote. Dirisha moja litahudumia wateja wasiotumia simu. Wateja wote wa pensheni watatambuliwa kwa alama za vidole tu." Na chini yake sahihi. Ile sahihi yenye mkia unaozunguka chini kama uzi uliofumuka, ambayo imo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu ulichowahi kunitumia. Hapakuwa na haja ya kusoma jina.

Nyuma yangu keshia alikuwa akimwambia Bibi kasafishe vidole. Mbele yangu wewe. Nikabaki hapo katikati.

Sijamwambia Bibi. Hawezi kusoma tangazo, macho hayamruhusu, na anaendelea kuwaambia watu kwenye foleni kwamba ana mtoto makao makuu, na kwamba mtoto huyo angejua yanayotendeka huku asingelala. Kila akisema hivyo mimi hutazama viatu vyangu. Nimewahi kumuuliza kwa nini asimwambie meneja yeye ni mama yako. Alikataa katakata. Alisema mlango wa nyuma ni wa wezi na wa taka.

Unaniambia mambo ya wakubwa niyaachie wakubwa. Niliyaachia. Jicho moja limekwenda.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na safari hii usinijibu habari za mvua. Bibi asiye na vidole anafanya nini? Kama hakuna njia, sema hakuna, ili nimwambie Bibi kwamba mwanawe aliandika sheria akamsahau mama yake. Kama njia ipo na umeificha miezi mitatu, hilo sijui nitamwambiaje.

Karani


24 Mei

Njia ipo.

Sikusalimu kwa sababu sijui nianze na salamu gani. Nimeandika barua hii mara tano. Zile nne zilikuwa na neno "mpito" nikazichana.

Kuna fomu. Inaitwa Fomu ya Kumtambua Mteja Bila Vidole. Picha yake, kitabu chake cha zamani, na mashahidi wawili wanaomjua. Dakika ishirini. Iko kwenye droo ya kila meneja wa tawi. Lakini kila tawi linapoitumia linapunguziwa alama mwisho wa mwezi, kwa sababu inachelewesha foleni, kwa hiyo hawaitoi na keshia wengi hawajui kama ipo. Hiyo ya kupunguza alama, mimi ndiye niliyeipendekeza. Ndiyo maana nilikuwa sikuambii. Kukuambia kungenilazimu nikueleze na kwa nini hamkuambiwa siku ya kwanza.

Mabenchi pia. Tulikaa kikao, mtu akaonyesha chati kwamba wateja wanaoketi hukaa ndani muda mrefu na kuuliza maswali mengi. Wakaniangalia mimi, kwa kuwa nilitoka matawini. Nilijua jibu. Nilimkumbuka Bibi na noti zake zilizopigwa pasi. Nikasaini. Miezi miwili baadaye nikapandishwa cheo.

Maelekezo ya kusugua vidole tuliyanakili kwenye karatasi iliyokuja na mashine. Hakuna aliyeyajaribu kwa mtu aliyefanya kazi kwa mikono.

Nawe umeniambia siri mbili, basi na mimi nikuambie moja ambayo hata mke wangu haijui. Mwaka jana mashine ya benki yetu ilimeza kadi yangu siku ya Jumapili. Nikapiga ile namba. Nilikaa kwenye gari dakika arobaini nikijisikiliza nikijiambia kwamba simu yangu ni muhimu. Sikupokelewa. Jumatatu yake nilifungua akaunti benki nyingine, ya barabara ya pili, na tangu hapo mshahara wangu ukiingia tu nauhamisha. Niliacha kuiamini benki hii kabla ya Bibi, Karani. Tofauti ni kwamba mimi niliondoka kimya kimya na nikaendelea kuisifia.

Fomu nimeiambatisha, na sahihi yangu iko juu yake. Meneja akileta ubishi aipige namba niliyoandika pembeni, ni ya simu yangu ya mkononi. Nitapokea mwenyewe.

Ukitaka kumsomea Bibi barua hii, msomee. Sina haki ya kukuomba usimsomee.

Mjomba


8 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, tanuri limetengenezwa. Meno ya mdogo wangu yameanza kuchomoza na mluzi umepungua. Bibi anakusalimu. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema, "Msalimie."

Sikumsomea barua yako. Nitakueleza kwa nini haikuwa lazima.

Jumatatu tulikwenda. Mashahidi wetu walikuwa yule muuguzi wa zahanati na fundi viatu wa mguu mfupi, ambaye kumbe Bibi alimfulia shuka zamani alipolazwa. Nilibeba kigoda, kile cha chini ambacho Bibi hukalia akifua. Mlangoni mlinzi akaniambia viti haviruhusiwi. Nilikuwa nimejiandikia la kumjibu, lakini karatasi ilibaki mfukoni. Basi nikasimama tu nacho kifuani. Nilisimama muda mrefu, watu wakapita pembeni yangu. Mwishowe akatazama upande wa barabara kana kwamba ameitwa, nami nikaingia.

Bibi akaketi katikati ya ule ukumbi, na foleni ikajipinda kumpisha. Tukasubiri. Baada ya muda akaniuliza, bila kugeuka:

"Ile karatasi ya ukutani uliyokwenda kuisoma siku ile uliponiacha, inasemaje?"

Kumbe alijua, Mjomba. Macho hayaoni, lakini alihesabu hatua zangu. Nilimwambia Bibi nisamehe. Akasema hakuniuliza hayo, ameuliza karatasi inasemaje.

Nikamsomea nikiwa pembeni yake, kwa kuwa naikumbuka neno kwa neno. Nilianza kwa kunong'ona, akasema hasikii. Nikapandisha sauti, na kwa kuwa ukumbi wote ulikuwa umenyamaza, walisikia wote. Niliposoma kwamba mabenchi yameondolewa ili kuharakisha huduma, fundi viatu akauliza, "Aliyeandika hivyo, aliandika amesimama?"

Watu wakaguna. Nilikuwa nimefika kwenye sahihi. Nikaishia kabla ya jina. Bibi akaninyooshea mkono, ule wenye mafuta, akanishika kifundo cha mkono.

"Malizia," akasema. "Kazi nusu ni aibu."

Nikasoma jina lako.

Hakuna aliyejua jina hilo ni la nani isipokuwa sisi wawili. Bibi angeweza kuliacha lipite. Akamgeukia fundi viatu akamjibu, kwa sauti yake ile ile ya kuhesabu mashuka, "Ni mwanangu. Aliandika ameketi."

Keshia naye alisikia. Tulipofika dirishani aliinua uso kwa mara ya kwanza. Nilimpa fomu. Akasema haijui, nikamwambia iko kwenye droo ya meneja. Hayo maneno matano niliyasema bila kusoma mahali. Meneja akaja, akaitazama sahihi yako, akamtazama Bibi, jasho likamtoka. Alitukaribisha ofisini kwake kwenye sofa. Bibi akakataa, akasema atahudumiwa hapo hapo walipo wenzake. Ilichukua dakika kumi na tisa. Hatukuhitaji kukupigia.

Baada ya kutambuliwa, meneja akasema sasa kila kitu ni sawa, mama atoe kiasi cha hospitali. Bibi akasema anatoa chote na anafunga akaunti. Meneja akambembeleza, akamwahidi dirisha maalumu la wazee, akamuuliza benki imemkosea nini ili waliandike. Bibi akafikiri. Akasema wasijisumbue kuandika, maana tatizo la benki hii lilianza pale walipoanza kuandika wakaacha kutazama. Pesa zake ameziweka kwenye chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi wa hospitali, ambako karani ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na anayemwita kwa jina lake la utani. Hospitali tumelipa. Tarehe 14 yuko wa nne kwenye orodha.

Hujaniuliza kama nimekusamehe, na nashukuru, kwa sababu jibu sina. Hasira bado iko. Nikiona jicho lake la kulia huwa inapanda upya kama siku ya kwanza. Lakini barua yako ya tarehe 24 nimeihifadhi ndani ya kitabu ulichonipa, karibu na sahihi, kwa sababu ndiyo barua yako ya kwanza ambamo nilikusikia wewe na siyo ile sauti ya simu. Bibi anasema ukija, uje mchana, na uje kwanza benki, usimame kwenye foleni mpaka dirishani, ndipo uje nyumbani. Hakuwa anatania.

Umeniambia kila kitu, basi nimalizie na mimi.

Tulipomaliza, Bibi alisimama, nikainama kuchukua kigoda. Nikamwona fundi viatu, shahidi wetu, amerudi kwenye foleni kwa shida zake mwenyewe, mguu mfupi ukiwa umeinuka kidogo, na mlinzi anamtazama asije akagusa ukuta. Nyuma yake kulikuwa na mama mjamzito. Nilimwachia fundi viatu kigoda. Nikamsindikiza Bibi nyumbani taratibu, nikamketisha kitandani, nikamwekea maji karibu. Kisha nikachukua kigoda cha jikoni, na kile cha mdogo wangu, kimoja kila mkono, nikarudi benki. Mlinzi aliponiona ninakuja, alinishikia mlango.

Mpwa wako,
Karani